Jina Nililolitamka Kwenye Penalti

Mtani wangu Kulwa,

Barua huanza kwa salamu, na salamu ni kuulizana hali. Yako naijua. Umelala Nkowe, nyuma ya nyumba ya baba yako, upande ule zizi linapoishia, na nilipopita pale juzi nyasi zilikuwa zimeshaota juu yako. Kwa hiyo salamu tuiache.

Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita walinijia vijana watatu hapa kwenye banda langu la gemu, Ruangwa. Wawili unawajua, wale waliokuwa wakikaa benchi la nyuma wakisubiri zamu zao. Siku hizi ni wachezaji kweli. Wanakwenda Nachingwea kwenye mashindano ya gemu ya mpira, ukumbi uleule tuliochezea sisi, na kuna jamaa mmoja wa kule anawanyima raha. Wanasema vidole vyake ni vya kawaida tu, ila hapaniki. Ukimfunga anatabasamu, ukimtukana anatabasamu. Wakaniambia, "Kaka Shabani, wewe ndiye mwalimu wa kichwa. Tufundishe namna ya kumtoa mtu mchezoni. Ile uliyomfanyia Msukuma."

Walisema Msukuma. Jina lako hawakulitaja. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta skrini ambayo haikuwa na vumbi, nikawaambia waje siku nyingine.

Ukumbi mzima ulikuona ukishindwa siku ile ya fainali. Waliniona nikikuinamia, kisha wakaona mikono yako ikilegea, wakapiga kelele. Nilichokwambia hakuna aliyekisikia isipokuwa wewe. Miaka miwili nimeachia watu waamini kwamba nina dawa fulani ya akili, na wengine wanatoka mpaka Nambilanje kwa baiskeli kuja kujifunza kutulia kwa mtu ambaye hakuwahi kutulia. Wewe unajua. Mimi ndiye niliyewahi kurusha pedi ya gemu ukutani ikapasuka kwa sababu ya goli la kuotea.

Unakumbuka ulivyoingia hapa mara ya kwanza? Ulikuja kuchaji simu. Fimbo mkononi, raba za njano miguuni, vumbi la kutoka Nkowe mpaka kwenye nyusi. Vijana wakaanza palepale: ng'ombe umemwachia nani, wasije wakala ufuta wetu. Mwaka ule wafugaji na wakulima walikuwa hawaangaliani vizuri, na mimi mwenyewe, niseme ukweli, nilikuchajia simu huku nimekunja uso. Wewe ukasimamisha fimbo yako kwenye kona, ukatazama gemu mpaka simu ikajaa. Ukarudi kesho yake na simu iliyojaa tayari. Nikakuuliza umekuja kuchaji nini. Ukasema, "Nimekuja kuuliza kwa nini wote mnaangalia mpira."

Sikuelewa. Ukanionyesha kwa kidole kwenye skrini. Ukaniambia mchungaji akimkazia macho ng'ombe mmoja, wengine ndiyo wanaingia kwenye shamba la watu. Unatakiwa kuwaangalia wote bila kumwangalia yeyote. Mpira uache, utakuja wenyewe. Nikacheka. Baada ya mwezi mmoja hapakuwa na mtu Ruangwa nzima wa kukufunga, na mimi niliyekuwa mfalme wa banda langu mwenyewe nikawa nakaa pembeni yako na daftari, naandika unavyofanya.

Daftari ninalo bado. Niliandika: akifungwa, hatazami marudio ya goli. Niliandika: anafuta viganja kwenye suruali, kulia kisha kushoto, anavuta pumzi moja ndefu. Niliandika: midomo inatikisika. Hicho ndicho kilichonisumbua zaidi. Kabla ya kila mechi, na kila ukifungwa, midomo yako ilikuwa ikienda bila sauti, sekunde chache tu, halafu uso unatulia. Nilikuuliza, "Unahesabu ng'ombe, siyo?" Ukatabasamu ukasema, "Nahesabu." Nikaandika kwenye daftari: anahesabu ng'ombe. Nikajiona nimegundua jambo kubwa. Mpaka leo nafundisha hivyo, kwamba kila mtu achague kitu cha kuhesabu kimoyomoyo.

Utani wetu ulianzia Ruponda, kwenye msiba wa mjomba wangu. Ulinisindikiza kwa sababu nilikuwa nimevunjika moyo, ukakaa na wanaume jamvini. Walipokuja watani wetu Wayao ukashangaa. Mmoja akavaa kofia ya mjomba akaanza kutembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea marehemu, akipita kwa wajane akiwagombeza kwa sauti yake. Watu wakacheka huku wanalia. Ukaninong'oneza, "Hawa mbona hawapigwi?" Nikakueleza kwamba mtani hapigwi wala hakasirikiwi. Anaweza kukuambia lolote, hata jeneza likiwa mlangoni, na wewe kazi yako ni kuvumilia, maana zamu yako ikifika na yeye atavumilia.

Tuliporudi bandani ukasema, "Na sisi tuwe watani."

"Wamwera na Wasukuma hawana utani," nikakujibu. "Vitu hivi vinatoka kwa mababu."

"Mababu walianzaje?"

Tukapeana mikono palepale mbele ya banda, vijana wakashuhudia. Masharti yalikuwa mawili tu: hakuna kukasirika, na atakayetangulia kufa, mwenzake aje amchekeshe. Ulilisisitiza hilo la pili. Ulisema nyumbani kwenu mmehamahama sana, watu wa kuwachekesha wamebaki mbali. Kuanzia hapo nilikuita mla ugali wa maziwa, ukaniita mlinda mikorosho, na bandani watu walikuwa wakija kutusikiliza sisi kuliko kucheza.

Nikaugeuza utani kuwa mazoezi. Hilo lilikuwa wazo langu, nilijivunia. Nilisema mchezaji anayezoea matusi ya rafiki hatatikisika na ya adui. Ukishika pedi nakukalia sikioni: umasikini wako, lafudhi yako, raba zako, binti wa Nambilanje aliyekukataa. Wewe midomo inatikisika kidogo, unafunga goli. Zamu yangu ikifika unaniambia neno moja tu kuhusu kipara changu kinachoanza, natetemeka, nafungwa tano. Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Nilicheka pia, lakini nyuma ya kicheko kulikuwa na kitu kinaniuma, na sikukwambia. Nilikuwa nakuonea wivu, Kulwa. Si vidole vyako. Utulivu wako ndio niliuonea wivu.

Halafu ile siku ya kisimani. Ulikuwa unanywesha ng'ombe, mimi nimekuja na pikipiki kukuletea habari za mashindano ya Nachingwea. Nilikuwa na furaha, nikakuuliza swali ambalo mtu yeyote angemuuliza mtu mwenye jina la pacha kama lako: "Hivi wewe Kulwa, Doto wako yuko wapi? Tungempeleka naye." Ukaendelea kumimina maji kwenye hori mpaka yakafurika.

Ukanisimulia bila kunitazama. Mlipokuwa mnahama na mifugo kuja huku, mlifika kwenye mto uliojaa. Mlikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mkono mmoja ulishika kamba ya ndama, wa pili ulishika mkono wa Doto. Maji yalipowazidi, mkono mmoja ukalegea. "Ndama alivuka," ukasema.

Ukaniambia hujawahi kumsimulia mtu nje ya nyumba yenu. Ukaniambia baba yako hajawahi kukulaumu hata siku moja, na kwamba ungependa angekulaumu. Nikakuapia kwamba itabaki kwangu. Wewe ukasema hakuna haja ya kiapo, mimi ni mtani wako.

Nachingwea tulikwenda kwa pikipiki yangu, Jumamosi asubuhi, wewe nyuma. Unakumbuka tulivyokubaliana njiani kwamba tukikutana fainali tutacheka tu, yeyote akishinda? Nilikubali haraka kwa sababu sikuamini kwamba nitafika fainali. Lakini siku ile nilicheza kuliko maisha yangu yote. Nilifuta viganja kulia na kushoto, nikavuta pumzi, nikahesabu mikorosho ya baba mmoja mmoja, na ikafanya kazi. Kila niliyemtoa nilimtoa kwa mbinu zako. Saa tisa alasiri tukabaki wewe na mimi, viti viwili vya plastiki, ukumbi umejaa mpaka madirishani.

Mbili kwa mbili. Dakika zikaisha. Penalti. Nikakosa ya tatu, nikapata ya tano, tukawa nne kwa nne na wewe umebakiwa na moja. Ukifunga, umeshinda. Pedi imelowa jasho. Nikajaribu kuhesabu mikorosho nikaikosa yote. Nikakutazama, na wewe midomo yako ilikuwa inatikisika taratibu, uso umetulia kabisa, nikajua utafunga. Nikajua pia kwamba watu watasema nilifika pale kwa kuiga tu.

Nikakuinamia sikioni, nikitabasamu, sauti ya utani kabisa. Nikasema, "Na hii nayo iachie, mtani, kama ulivyomwachia Doto."

Midomo yako ikasimama.

Sijawahi kuona kitu kile tena, na nimekaa mbele ya mamia ya wachezaji. Macho yako yalibaki kwenye skrini lakini hayakuwa yanaona. Ukabonyeza, mpira ukaenda nje. Mimi nikafunga. Yako iliyofuata hukuibonyeza kabisa, muda ukaisha, mpira umekaa pale kwenye nukta. Ukumbi ukalipuka. Nilirukaruka, nikabebwa juu, na nikiwa juu mabegani mwa watu nilikuona umeweka pedi chini kwa mikono miwili, polepole, kama unalaza kitoto. Ulisubiri nikashushwa. Ukanipa mkono. "Wabeja, mtani," ukasema. Ulinishukuru.

Zawadi ilikuwa televisheni, hii ninayoifuta. Hatukuwa na namna nyingine ya kuirudisha Ruangwa. Ukapanda nyuma ya pikipiki, ukalikumbatia boksi la televisheni yangu njia nzima ili lisidondoke, na kila tukipita kwenye makorongo nilisikia unalishikilia kwa nguvu zaidi. Hatukuzungumza. Nilijiambia umechoka. Nilijiambia utani ni utani, na wewe ndiye uliyeutaka. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshajisamehe.

Baada ya hapo ulikuja bandani mara mbili. Ulifungwa na watu ambao zamani walikuwa wanakuogopa. Ulifuta viganja, ulivuta pumzi, midomo ikabaki imefungwa. Nikaliona hilo na nikaliandika kwenye daftari, Mungu anisamehe, kama mtaalamu: ameacha kuhesabu. Nilidhani umechoshwa na gemu. Baba yako akauza ng'ombe wawili, ukapata pikipiki, ukaanza bodaboda kati ya Nkowe na mjini, na tukawa tunapungiana mikono barabarani.

Ulikufa saa nne asubuhi, jua kali, barabara imenyooka. Kulikuwa na lori la korosho limeharibika, limesimama pembeni, matawi yamewekwa nyuma na mbele kama kawaida. Uliliingia bila kushika breki. Watu walisema usingizi, wengine wakasema simu. Wewe uliyekuwa unaona wachezaji ishirini na wawili kwa pamoja na bado ukajua kipa ameegemea mguu gani, hukuona lori. Sijui kichwa chako kilikuwa wapi saa ile. Hakuna atakayenijibu, na ninajiuliza kila siku.

Msibani Nkowe nilikaa mbali, karibu na barabara, na watu wachache waliotoka mjini. Kabla ya mazishi baba yako, Mzee Masanja, akasimama akauliza kwa sauti, "Mtani wa mwanangu amefika?" Nikatamani ardhi inimeze. Akarudia. Vijana wakanisukuma mbele.

Nikaomba kigoda. Nikakaa kama ulivyokuwa ukikaa, mgongo umenyooka, nikashika kipande cha mti kama pedi. Nikafuta viganja kwenye suruali, kulia, kushoto. Nikavuta pumzi. Nikatikisa midomo. Nikasema kwa lafudhi yako, "Wote mnaangalia jeneza, ng'ombe wanaingia kwenye ufuta!" Watu wakacheka. Wakulima walicheka, wafugaji walicheka, mama yako akacheka huku ameshikwa na wanawake wawili. Nilifanya vizuri sana, Kulwa. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Tulipomaliza kufukia, baba yako akanivuta pembeni, akanishukuru. Akaniuliza kama nilijua midomo yako ilikuwa inasema nini. Nikamwambia, "Ndiyo mzee, alikuwa anahesabu ng'ombe."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa anaongea na Doto. Tangu ule mto. Asubuhi akiamka, akipeleka ng'ombe, akitaka kufanya jambo gumu, anamwambia mwenzake kwanza. Mama yake alikuwa anaogopa, mimi nikasema mwache, ndicho kinachomshikilia." Akakung'uta udongo mikononi. "Aliporudi Nachingwea akaacha. Nikamuuliza, mbona kimya? Akasema Doto hajibu tena."

Nilipaswa kusema palepale. Nilimpa pole, nikawasha pikipiki nikaondoka. Hiyo dawa ya akili ambayo watu wanatoka mbali kuja kujifunza, ndiyo hiyo. Nilikunyang'anya mtu uliyekuwa unazungumza naye, kwa ajili ya televisheni.

Vijana walipokuja wiki iliyopita na ombi lao, nilikaa siku mbili bila kufungua banda. Siku ya tatu nikaenda Nkowe. Baba yako alikuwa anapulizia mikorosho. Ndiyo, mtani, baba yako sasa ana mikorosho, amekuwa mlinda mikorosho kama mimi, ungemcheka. Alizima bomba, akaosha mikono, tukakaa kwenye gogo. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja na neno zito. Nikamsimulia yote. Kisimani, ukumbini, sikioni. Maneno yale nikayarudia kama yalivyo, kwa sababu nilijua nikiyapunguza nitakuwa nimedanganya tena. Nikangoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

Alichimba chini kwa kijiti muda mrefu.

"Najua," akasema. "Alinisimulia usiku uleule."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniita msibani, mbele ya watu wote.

"Nilitaka kuja kwenu na fimbo, mwanangu. Nilishaishika. Yeye akanizuia mlangoni. Akasema, baba, yule ni mtani wangu, tulipeana mikono. Mtani hakasirikiwi."

Nimeyarudia maneno hayo njia nzima ya kurudi, na nayarudia hapa nikiandika. Heri ungekasirika, Kulwa. Ungenitukana palepale ukumbini. Ungeliachia boksi la televisheni barabarani likapasuka vipande vipande. Mimi ndiye niliyezaliwa ndani ya utani, nikautumia kama kisu. Wewe uliujifunza siku moja tu kwenye jamvi la Ruponda, na ukautimiza mpaka mwisho.

Nilimwambia baba yako kwamba sistahili tena kuitwa mtani wa mtu, naomba niliache jina hilo. Akanikatalia. Alisema wao wamehamahama sana na watu wa kuwachekesha wamebaki mbali, maneno yaleyale yako. Alisema na siku yake ikifika nitakuja, nitakaa kwenye kigoda, nitamwigiza anavyoshika bomba la dawa, na nitawachekesha watu. Akaondoka kuendelea na mikorosho yake, mimi nikaja kusimama kwako kidogo, nikaona zile nyasi.

Barua hii naibandika kesho kwenye mlango wa banda, kwa gundi. Vijana walitaka kujua mbinu niliyomfanyia Msukuma. Wataisoma, na watakaotaka kuendelea kuja waje. Na jina lako wameshalijua sasa.

Msalimie Doto. Kama amekujibu, mwambie si mimi niliyelitamka jina lake. Lilitamkwa na woga wangu. Hapana, futa hilo. Mwambie ni mimi.

Mtani wako,
Ruangwa.